Kuku wa Kawangware Kwenye Friji ya Olympic

Kwa miaka tisa niliuza kuku nyuma ya soko la Kawangware, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja aliyewahi kuniuliza maji yangu yanatoka wapi. Waliuliza kama kuku ni wa kienyeji kweli. Waliuliza kama nitawawekea firigisi, na mbona huyu bawa lake limevilia damu. Maji, hapana. Kwa hivyo siku mwanamke mmoja aliyevaa koti jeupe aliposimama mbele ya ndoo yangu na kuniuliza swali hilo, nilimwonyesha ndoo.

"Hapa," nikasema.

"Kabla ya hapa, mama."

"Kwa mtungi."

"Na kabla ya mtungi?"

Nikamtazama mwenzangu. Mwenzangu akaangalia kuku.

Tulikuwa watatu pale. Mimi nilitoka upande wa Ziwa nikiwa msichana, nikaolewa Kibera, na nyumba yangu iko Soweto West. Mwenzangu ni Mkamba wa Kitui, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, na yeye ndiye aliyekodi ploti tuliyofanyia kazi. Wa tatu alikuwa mzee Mwislamu kutoka Makina. Yeye ndiye aliyechinja, ili kila mteja aweze kula bila kuuliza. Mimi na mwenzangu tulinyonyoa manyoya, tukatoa matumbo, tukaosha na kuuza. Kila kitu kilifanyika chini ya paa moja la mabati, juu ya meza moja ya mbao.

Yule mwanamke wa koti jeupe alikuwa ametumwa na supamaketi moja iliyo karibu na Olympic, pembeni mwa Kibera. Meneja wa duka hilo alikuwa mteja wetu wa kila Jumamosi. Siku moja, akiwa na kuku wake wawili mkononi, alituambia kwamba aliyekuwa akiwaletea kuku ameshindwa na masharti, na kama tunaweza, atatuombea nafasi. Tulicheka. Tulidhani masharti ni kuleta kuku wanono, tena mapema.

Madam wa ubora, hivyo ndivyo tulivyomwita kuanzia siku ile, hakukaa zaidi ya saa moja. Alitumbukiza themomita kwenye kuku tuliyekuwa tumemwosha asubuhi, akaandika. Akapitisha kidole chini ya meza, akakitazama, akaandika. Akamwomba mzee amwonyeshe kisu. Akauliza cheti cha afya cha kila mmoja wetu, na mkaguzi wa nyama huja siku gani, na kuku huyu hapa alitoka kwa mfugaji gani. Kwa hilo la mwisho nilijibu haraka: wametoka kwa wafugaji wawili, wamechanganyika.

"Kwa hivyo mmoja akipatikana na shida, hutajua ni wa nani?"

"Sitajua, madam."

Alipomaliza aliniachia karatasi nne zilizobanwa pamoja. Karibu kila mstari ulikuwa na alama ya kukosa. Nilitarajia atuambie twende zetu. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na shangazi yake, "Mama, kuku wako ni wazuri. Ni mahali pako ndipo siwezi kupaamini."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza. Mimi niliishia darasa la nane, lakini kusoma sijasahau. Jioni ile nilizitandaza juu ya meza nyumbani, nikazipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, na kila nilichoelewa nikakiandika kwa Kiswahili nyuma ya kalenda ya kanisa. Kuku akishanyonyolewa asikutane tena na kuku mwenye manyoya. Nyama ipoe hadi nyuzi nne au chini yake, ibaki hivyo hadi inapokabidhiwa. Maji yapimwe maabara. Visu visiwe na mpini wa mti. Kila kifurushi kieleze kuku ni wa nani, amechinjwa lini, na mkaguzi amempitisha. Kulipopambazuka niliibeba kalenda hadi Kawangware.

Mwenzangu aliisoma akiwa amesimama.

"Hii ni ya watu wenye kiwanda," akasema.

"Imeandikwa wapi kiwanda?"

Alisoma tena. Kisha akakunja kalenda taratibu, akaitia chini ya khanga yake, akasema, "Basi tuanze na maji. Hilo ndilo lililonitia aibu."

Tulichukua chupa tuliyopewa na maabara, tukaijaza kwenye mfereji wa maji wa jirani tuliyekuwa tukinunua kwake, tukaipeleka. Majibu yaliporudi, mtu wa maabara alituambia waziwazi kwamba maji yale yana vijidudu vya choo. Sikumwamini. Nilirudi kwenye mfereji, nikaufuata mpira wake wa maji kwa miguu, nyuma ya vibanda, kupitia uani kwa watu, hadi mahali ulipoingia kwenye mtaro wa maji machafu. Hapo ulikuwa umetoboka na kufungwa kwa kipande cha tairi. Tairi ilikuwa imelegea. Kila presha iliposhuka, mpira ulivuta kutoka mtaroni.

Nilisimama pale nikiwaza watu wote niliowauzia. Nilimkumbuka mwanangu wa pili, jinsi alivyoharisha mwaka mzima akiwa mdogo, nami nikilaumu meno. Nilikuwa nikimpelekea kuku niliyemwosha kwa maji yale. Tangu saa ile haikuwa tena habari ya supamaketi kwangu. Hata wangetukataa, nisingerudi kwenye ile ndoo.

Kazi iliyofuata ilichukua miezi na akiba yetu yote. Tulinunua tangi, tukavuta maji kutoka bomba kubwa kwa mabomba mapya yanayopita juu ya ukuta, mahali kila mtu anapoweza kuyaona. Fundi alimwaga saruji yenye mteremko, akapiga vigae hadi kimo cha mabega, akajenga ukuta katikati. Upande mmoja kuku waliingia wakiwa hai, wakachinjwa, wakanyonyolewa. Kisha walipitishwa kwenye dirisha dogo hadi upande wa pili, na huko walitolewa matumbo, wakaoshwa, wakatiwa kwenye maji ya barafu. Aliye upande mchafu havuki bila kubadilisha gambuti za mpira na aproni. Mkaguzi wa nyama wa kaunti, ambaye zamani tulimwona kwa nadra, sasa alikuwa na meza yake na taa yake. Kibali cha kuchinjia kilipotoka, mwenzangu alikitundika ukutani, akakinyoosha mara mbili.

Mzee alikubali yote isipokuwa kisu. Kisu chake kilikuwa na mpini wa mti uliolainika kwa mkono wake.

"Kisu hiki kilikuwa kikichinja kabla hamjazaliwa, binti zangu," alituambia.

"Tunajua, mzee wetu."

"Na hakuna aliyekufa."

Sikubishana naye. Nilimwomba tu aniruhusu nikichemshe, kwa kuwa karatasi ilitaka visu viingizwe kwenye maji moto sana kila baada ya muda. Alinipa. Nilikiweka kwenye sufuria mbele yake. Maji yalipochemka, mpini ulipanuka, ukapasuka karibu na chuma, na kitu cheusi kikaanza kutoka kwenye ufa, kikaelea juu. Harufu yake ilitufikia sote. Mzee aliuinamia ule ufa. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kisu kipya chenye mpini wa plastiki, ambacho kwa wiki tatu hakutaka hata kukigusa.

"Leteni hicho," akasema.

Jaribu gumu zaidi lilimfikia mwenzangu. Kaka yake alifuga kuku wa nyama upande wa Kikuyu, naye ndiye aliyekuwa mfugaji wetu mkuu. Masharti yalisema kuku waliopewa dawa wasichinjwe hadi siku za dawa zimalizike mwilini, na mfugaji aandike alichowapa na lini. Asubuhi moja kaka alifika na vizimba vyake kama kawaida. Mwenzangu akamwomba daftari. Akalifungua, akasoma, akalifunga.

"Uliwapa dawa juzi," alimwambia.

"Walikuwa na mafua kidogo. Wamepona. Waangalie mwenyewe."

"Siku hazijaisha. Warudishe."

"Niwarudishe? Mimi ni kaka yako."

"Ndiyo maana nakuambia polepole," mwenzangu alijibu. "Warudishe, uje nao siku zikiisha. Nitawachukua wote."

Alipakia vizimba bila kuaga. Mwenzangu aliingia ndani, akafunga aproni, akafanya kazi hadi saa sita. Nilijua ana hofu ya simu ya mama yao, na simu kweli ilipigwa. Lakini wiki iliyofuata kaka alirudi na kuku walewale, na daftari lake lilikuwa limeandikwa vizuri kuliko letu.

Madam wa ubora alipokuja tena, tulikuwa tumeshapimwa afya sote watatu. Tulikuwa tumepanga foleni kliniki na vikopo vyetu vidogo vya kupimia choo, mzee akikificha chake ndani ya kanzu kama mtu aliyeiba. Maji yalikuwa yamepita maabara. Aliuliza swali lake la zamani, la maji, nami nikamwonyesha bomba kwa kidole hadi lilikotokea barabarani. Hakutabasamu. Alipitisha kidole chini ya meza ya chuma. Alitumbukiza themomita kwenye kifua cha kuku aliyemchagua mwenyewe, akangoja, akasoma, akatugeuzia tuone. Nyuzi tatu.

"Mnaweza kuanza Jumatatu," alisema.

Mwenzangu alikaa chini kwenye kreti.

Jumatatu hiyo kuku wetu waliondoka Kawangware ndani ya sanduku jeupe lenye barafu, lililoandikwa NYAMA kwa rangi nyekundu, juu ya pikipiki iliyopata kibali cha kubeba nyama na si kitu kingine. Mimi nilifika dukani baadaye, kwa miguu, nikitoka nyumbani. Nilivaa nguo ya kanisani, nikachukua kikapu kama mnunuzi yeyote, nikasimama mbele ya sabuni, mahali ninapoweza kuona friji ya nyama. Mwanamke mmoja alifungua friji, akachukua kuku wetu, akasoma karatasi ya kifurushi, akamgeuza, akamrudisha, akachukua mwingine wetu, akamtia kwenye troli. Nilimfuata kwa macho hadi kwa keshia. Nilitamani kumwambia. Nilinunua sabuni moja nikatoka.

Tulipeleka hivyo kwa miezi saba. Kisha, Jumatano moja, simu ililia.

Alikuwa meneja, yule mteja wetu wa Jumamosi, na hakunisalimia. Kuku watatu walikuwa wamerudishwa na wateja kwa kunuka. Mmoja wa wateja hao alikuwa amepiga picha na kuisambaza, na karatasi yetu yenye anwani ya Kawangware ilionekana vizuri. Alisema tusilete chochote tena, na kwamba tufike ofisini saa nane.

Picha ilikuwa imefika Soweto West kabla yangu. Nilipopita nyumbani kubadilisha nguo, jirani ninayechota naye maji aligeuka upande. Mwingine, kijana wa duka la simu, aliniuliza, "Sasa mathe, hizo kuku ni za wapi kwani? Mnachukuanga zile zimejifia?" Hakusema kwa ubaya. Alitaka kujua. Nilimwambia nitamjibu nikirudi.

Mwenzangu alitaka tulete kila kitu. Kwa hivyo tulitembea hadi Olympic tukiwa na faili mbili na daftari la joto, tulimoandika nyuzi za kila siku, ndani ya mfuko wa plastiki, na mzee nyuma yetu, ingawa hakuitwa.

"Mimi ndiye niliyechinja," alisema. "Nitasimama."

Ofisini alikuwepo meneja na madam wa ubora. Wale kuku watatu walikuwa juu ya meza ndani ya mifuko iliyofungwa. Meneja ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema aliweka jina lake kwa ajili yetu, na kwamba hivi ndivyo inavyokuwa unapowatoa watu sokoni. Kisha akachukua daftari letu, akalifungua mahali palipokuwa na pengo, akamwonyesha madam.

"Tazama. Hapa hawakupima kabisa."

"Soma walichoandika," madam alimwambia.

Mwenzangu ndiye aliyekuwa ameandika, kwa herufi zake kubwa: *Stima imepotea saa nne hadi saa saba. Themomita imeisha betri. Hatukupima. Kuku wa saa hizo hawakuenda dukani, tumewatupa.*

"Nimeshasoma madaftari mengi," madam alisema. "Mtu anayeniandikia hivi, namwamini hata kwa yale mengine."

Kisha akataka namba ya kundi iliyokuwa kwenye karatasi za wale kuku. Nilifungua faili. Mfugaji alikuwa kaka, siku za dawa hakuna, mkaguzi amepitisha, wamechinjwa Jumanne alfajiri. Joto walipotoka kwetu, nyuzi mbili. Joto walipopokelewa dukani, nyuzi tatu, saa mbili kasoro, na sahihi ya karani wa duka chini yake. Na kuku wengine wa namba ileile walikuwa wamekwenda asubuhi ileile kwenye tawi lao jingine, tulilokuwa tukipelekea pia. Madam alipiga simu huko mbele yetu. Waliuzwa wote. Hakuna aliyelalamika.

Madam akafunga faili.

"Twende kwenye friji," madam akasema.

Tulishuka sote. Kioo cha friji kilionyesha nyuzi nne kwa namba za kijani. Madam alifungua mlango, akatumbukiza themomita yake kwenye kifua cha kuku aliyekuwa katikati, akangoja. Ilishuka. Ikapita ishirini, ikapita kumi na tano, ikasimama kwenye kumi na tatu, mbali na zile nne. Alichukua kuku mwingine. Kumi na tatu. Mzee, aliyekuwa karibu na mlango, alivuta mpira wa kuziba mlango kwa vidole viwili, ukamfuata mkononi. Ulikuwa umekatika chini yote.

Karatasi ya joto ya duka ilikuwa imebandikwa kando ya friji. Meneja aliishika haraka, akaanza kusoma kwa sauti. "Jumatatu nne, nne, nne. Jumanne nne, nne, nne. Jumatano..." Alikuwa akisoma ili kujitetea. Mimi nilikuwa nimesimama begani pake, na macho yangu yalikwenda chini zaidi ya yake.

"Samahani, meneja," nikasema. "Leo ni Jumatano. Mbona kesho imeshajazwa?"

Aliiachia karatasi. Alhamisi ilikuwa nne, nne, nne. Ijumaa vilevile.

Madam aliibandua karatasi ile, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake. Hakumkemea mbele yetu. Aliagiza friji ifungwe na nyama yote iliyokuwamo itolewe. Kisha akatugeukia sisi watatu, akatuomba msamaha kwa niaba ya duka, kwa Kiswahili safi, huku wateja wakiwa wanapita. Meneja naye alikuja kwetu baadaye, kwenye mlango wa nje. Alionekana mtu asiyelala vizuri.

"Nilipaswa kupima kabla ya kuwapigia," alisema.

"Ulipaswa," mwenzangu alimjibu. Kisha akamshika mkono, kwa sababu ndivyo alivyo.

Duka lilibandika tangazo mlangoni na kulituma mahali palepale picha iliposambaa. Lilisema kosa lilikuwa la friji yao na si la aliyewaletea kuku. Kijana wa duka la simu ndiye aliyenionyesha, akinikimbilia kwenye njia yetu Soweto West. "Mathe, mmeosha jina!" alisema. Jirani ninayechota naye maji alinibebea mtungi wangu hadi mlangoni.

Tulirudi kupeleka wiki ileile, kwa matawi yote mawili, kisha kwa la tatu. Na baada ya muda madam alipiga simu kuomba kitu ambacho sikukielewa mara ya kwanza. Alitaka kuwaleta watu wengine wanaolipelekea supamaketi kuku wabichi, wenye magari yenye friji na majina yaliyochorwa ubavuni, waje Kawangware waone tunavyofanya.

Walikuja Alhamisi, watu kumi na wawili. Magari hayakuweza kuingia kwenye kichochoro chetu, wakatembea. Mwanamume mmoja wa suti na viatu vya ngozi alitaka kuvuka moja kwa moja hadi upande msafi, akitazama vigae. Mzee alimwekea mkono kifuani.

"Gambuti kwanza, mwanangu."

"Nitaangalia tu, mzee."

"Hata kuangalia."

Yule bwana alikaa kwenye kreti, akavua viatu, akavaa gambuti zilizompita miguu, akakanyaga beseni la dawa ya kuua vijidudu. Wengine wote wakapanga foleni nyuma yake bila kuambiwa.

Mwenzangu alikuwa amekataa kuzungumza, kwa hivyo niliongea mimi. Niliwaonyesha dirisha ambalo kuku hupitia, na visu, na daftari lenye pengo lake. Niliwaeleza habari ya mpira uliopita mtaroni, na niliposema kwamba nilikuwa nimewauzia watu kuku wa maji yale kwa miaka tisa, hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye kampuni kubwa upande wa Thika aliinua mkono, akauliza tulianzaje, na nani alitufundisha. Nilimwomba mwenzangu alete kalenda. Aliitoa kabatini, imekunjamana, ina madoa ya mafuta, na yule mama akaomba ruhusa ya kuipiga picha. Wakasogea wote kumi na wawili, simu mikononi, wakisoma mwandiko wangu.